Anti-TPO yangu ni 412 lakini TSH ni ya kawaida: nina ugonjwa au sina?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, naishi Morogoro. Kwa miezi kadhaa nachoka kupita kiasi, nywele zinakatika na hedhi imekuwa nzito. Mama yangu mkubwa aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, kwa hiyo nikaona na mimi nipime. Majibu yamesomeka hivi: TSH 3.1 (kawaida 0.27 hadi 4.2), T4 huru 14 (kawaida 12 hadi 22), anti-TPO 412 (kawaida chini ya 34), anti-Tg 168 (kawaida chini ya 115). Shoga yangu anasema hiyo ni Hashimoto, niache ngano na nianze kulamba unga wa mwani. Nilishaanza vidonge vya nywele vya biotini, mikrogramu 10,000 kila siku. Mwakani tunataka mtoto, na mwaka juzi mimba yangu ya kwanza iliharibika. Je, nianze dawa? Na hiyo 412 naishushaje?

Jibu: Marahaba, na pole kwa uchovu. Pole zaidi kwa mimba mliyoipoteza. Nikujibu kwanza kwa ufupi ili ulale vizuri: kwa majibu haya, kama yanasema kweli, huhitaji dawa ya tezi leo, na 412 si namba ya kuhangaika kuishusha. Nimesema kama yanasema kweli kwa sababu ya hivyo vidonge vya nywele. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya Hashimoto (ugonjwa wa kinga ya mwili kuishambulia tezi ya shingo) na kabla ya mwani.

Mtu mzima anahitaji biotini kiasi cha mikrogramu 30 kwa siku, na kwa kawaida chakula kinamtosheleza. Kidonge chako kimoja kina zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Mwilini hakina madhara makubwa yanayojulikana, tatizo liko maabara. Mashine nyingi zinazopima homoni na kingamwili hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, kwa ajili ya kunasa kile kinachotafutwa. Damu ikija imejaa biotini ya vidonge, kipimo kinavurugika, tena kwa mwelekeo unaojulikana: TSH (homoni kutoka chini ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, na ambayo hupanda tezi ikipungukiwa) inasomeka chini kuliko ilivyo, T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) inasomeka juu, na kingamwili za tezi nazo zinasomeka juu. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwa madaktari na maabara kuhusu jambo hili. Mashine za kizazi kipya zimerekebishwa, lakini wewe huwezi kujua sampuli yako imepita kwenye mashine ipi.

Sasa tazama majibu yako kwa jicho hilo. Biotini ikivuruga sana, majibu hufanana na ya mtu ambaye tezi yake inazidisha homoni: TSH imezama kabisa, T4 iko juu. Yako hayako hivyo, kwa hiyo sidhani kwamba karatasi nzima ni ya kutupa. Lakini uvurugaji mdogo tu unatosha kutuficha kile tunachokitafuta. TSH ya 3.1 inaweza kuwa kwa kweli ni 5. T4 ya 14, ambayo tayari iko karibu na sakafu ya kiwango cha kawaida, inaweza kuwa kwa kweli iko chini zaidi. Ndiyo maana naomba jambo la kwanza liwe hili: acha vidonge hivyo, zipite siku 2 kamili kwa uchache (kwa dozi kama yako mimi ningependa zaidi ya hapo), kisha urudi maabara ileile asubuhi upime tena TSH na T4 huru. Mwambie mpimaji kwamba ulikuwa unatumia biotini. Watu wengi wakiulizwa wanatumia dawa gani husema hawatumii, kwa kuwa vidonge vya nywele na kucha hawavihesabu kuwa dawa.

Tuje kwenye kingamwili zenyewe. Tezi yako ya shingo hutengeneza homoni kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa TPO, na kazi hiyo inafanyika juu ya protini kubwa inayoitwa thairoglobulini, ndiyo hiyo Tg. Vyote viwili hukaa ndani ya tezi. Chembe nyeupe za damu zikiingia kwenye tezi na kuanza kuishambulia kana kwamba ni kitu kigeni, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu hivyo viwili, na maabara huzikuta zikizunguka katika damu. Anti-TPO na anti-Tg zinatuambia kwamba kinga ya mwili imeikosea tezi. Hazituambii tezi imeharibika kiasi gani, na sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na chembe nyeupe zenyewe. Kwa hiyo hata ukipata kitu cha kuishusha 412 iwe 200, hujawaondoa wanaoshambulia.

Hashimoto alikuwa daktari wa upasuaji wa Japani, Hakaru Hashimoto. Mwaka 1912 alieleza tezi za wanawake wanne alizozikuta zimejaa chembe nyeupe za damu, na hakuwa na njia ya kujua zimefikaje humo. Ilipita zaidi ya miaka 40. Mwaka 1956 Ivan Roitt, Deborah Doniach na Peter Campbell, wakiwa London, walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa aina hii ina kingamwili dhidi ya tezi yao wenyewe. Mwaka huohuo, kule Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walifanikiwa kuwasababishia sungura ugonjwa huo kwa kuwachanja thairoglobulini. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba mwili hauwezi kujigeuka. Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wengi huniuliza wamekosea nini, wamekula nini. Hukukosea. Asili ya familia ina nguvu hapa, na ndiyo sababu ningependa umuulize mama yako mkubwa, au wanawe, alipasuliwa tezi kwa sababu gani: ilivimba tu, ilizidisha homoni, au ilikuwa na uvimbe uliotiliwa shaka. Hayo ni mambo tofauti.

Ipo kingamwili ya tatu, TRAb, ambayo hukupimwa, na sioni sababu ya kukupima sasa. Hiyo haiishii kuwa dalili, inafanya kazi yenyewe: hukaa mahali ambapo TSH ingekaa na kuilazimisha tezi itengeneze homoni mfululizo. Huo ni ugonjwa wa Graves. Tunaitafuta pale TSH ikiwa imezama na mtu anapungua uzito, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, au macho yameanza kutokeza. Wengi wenye Graves wana anti-TPO pia, kwa hiyo anti-TPO peke yake haitofautishi magonjwa haya mawili. TSH ndiyo inayotofautisha.

Je, una Hashimoto basi? Kwa lugha ya hospitali, kinga ya mwili wako imeonyesha dalili ya Hashimoto, lakini tezi yako, kwa vipimo tulivyonavyo, bado inajitosheleza. Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani kati ya 1988 na 1994 ulikuta anti-TPO kwa karibu watu 11 katika kila 100 ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa tezi unaojulikana. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na idadi ilipanda kadiri umri ulivyosogea. Ukichukua watu wote waliopimwa, Wamarekani weusi walikuwa karibu 5 kwa 100 na weupe karibu 14 kwa 100. Walio wengi kati yao walikuwa wanaendelea na maisha yao bila kujua.

Kuhusu kesho, ushahidi ninaoutegemea zaidi umetoka Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambako watu walifuatiliwa kwa miaka 20. Mwanamke mwenye kingamwili lakini TSH yake ni ya kawaida, kama wewe, alikuwa na uwezekano wa takriban 2 kwa 100 kila mwaka wa tezi yake kupungukiwa homoni. Mwenye kingamwili na TSH iliyopanda pia, zaidi ya 4 kwa 100 kila mwaka. Yaani ukichukua wanawake 100 walio kama wewe, baada ya miaka 10 wapatao 80 bado hawatakuwa wamehitaji dawa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Kazi yetu ni kupima TSH mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi dalili zikibadilika.

Na tafadhali usirudie kupima anti-TPO. Ikishaonekana iko juu imeshasema ilichokuwa nacho. Itapanda na kushuka, itapungua ukiwa mjamzito, itapanda tena baada ya kujifungua, na katika hayo yote hakuna litakalobadilisha matibabu yako. Wala usilinganishe 412 yako na 900 ya mtu mwingine. Mashine moja huweka mpaka kwenye 34, nyingine kwenye 60, nyingine haifiki hata 6. Namba iliyopimwa kwa mashine moja haina maana kwenye mashine nyingine. Ninaona wagonjwa wanaolipia kipimo hiki kila baada ya miezi mitatu, na inaniuma, kwa sababu fedha hiyo ingelipia TSH na ferritini (kipimo cha akiba ya madini ya chuma mwilini) na chenji ingebaki.

Ferritini nimeitaja kwa makusudi. Uchovu wako ni wa kweli na nywele zako zinakatika kweli, lakini kwa TSH ya 3.1 na T4 iliyo ndani ya kiwango siwezi kuyabebesha hayo tezi. Mwanamke wa miaka 32 mwenye hedhi nzito, anayechoka na kukatika nywele, kwangu ni mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma mpaka vipimo vikatae. Pima wingi wa damu na ferritini. Himoglobini inaweza kuwa bado nzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Ferritini ikiwa chini ya 30 ningeanza vidonge vya chuma, kisha nitafute damu inakwenda wapi, ikiwa ni pamoja na ultrasaundi ya kizazi kuangalia uvimbe. Ongeza vitamini B12 ukiweza, kwa sababu watu wenye kingamwili za tezi huwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kinga kushambulia tumbo pia, na hapo mwili hushindwa kufyonza B12. Na kama unasuka nywele za kuvuta sana pembezoni mwa paji la uso, mwambie msusi alegeze. Hedhi nzito, nikumbushe, ni dalili ya tezi kupungukiwa homoni vilevile, kwa hiyo ile TSH ya marudio bila biotini ina kazi mbili.

Mwani. Nawaheshimu kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaoulima, na kuula mara mojamoja sikukatazi. Kinachonitia wasiwasi ni kijiko cha unga kila asubuhi kama dawa ya tezi. Mtu mzima anahitaji aidini mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, na chumvi ya dukani iliyotiwa madini hayo imeshakusogeza karibu na hapo. Unga wa mwani hauna kipimo kinachotabirika. Paketi moja inaweza kuwa na kidogo na nyingine ikawa na nyingi mno. Tezi yenye afya ikipewa aidini nyingi ghafla hupunguza utengenezaji wa homoni kwa muda, kisha hurudi. Tezi inayoshambuliwa mara nyingi hushindwa kurudi. Kwa mtu aliye kama wewe, unga huo unaweza kuleta ugonjwa ambao ulikuwa hauna. Usiuanze.

Ngano iache tu kama una ugonjwa wa siliaki (utumbo kuumizwa na ngano), na huo hupimwa kabla ya kuacha chapati, si baada. Seleniamu imeonekana kushusha namba ya anti-TPO katika tafiti kadhaa, ila haijathibitika kwamba inailinda tezi, na ukizidisha ni sumu. Kabeji na mihogo, ambavyo watu huvihofia kwa ajili ya tezi, vikipikwa vizuri kula.

Sasa jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako: mtoto. Wanawake wenye anti-TPO hupoteza mimba mara nyingi zaidi kuliko wasio nazo, hilo limeonekana katika tafiti nyingi. Kwa miaka mingi madaktari walidhani tiba ni rahisi, wapewe levothairoksini (vidonge vya homoni ya tezi) hata kama TSH ni nzuri. Uingereza wakafanya jaribio lililotangazwa mwaka 2019 kwa wanawake 952 wenye anti-TPO, homoni za kawaida, na historia ya mimba kuharibika au ugumba. Nusu walipewa mikrogramu 50 za levothairoksini tangu kabla ya kushika mimba, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 37.4 upande wa dawa na asilimia 37.9 upande wa pili. Dawa haikuongeza kitu. Kwa hiyo sitakuambia kwamba ungemeza kidonge mwaka juzi mimba ile ingebaki. Huenda hata haikuhusiana na tezi. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huharibika kwa sababu ya kasoro za kromosomu ambazo hakuna mama anayeweza kuzizuia.

Lakini TSH ikiwa haiko sawa, hesabu inabadilika. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya tezi ya mama yake katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu ya kwake bado haijaanza kazi vya kutosha. Mahitaji ya mama hupanda ndani ya wiki chache tu za mwanzo, na yanaweza kuongezeka kwa karibu nusu. Tezi yenye afya huongeza uzalishaji. Tezi inayoshambuliwa inaweza kushindwa, hata kama ilikuwa inatosha kabla ya mimba. Ndiyo maana nataka ujue TSH yako ya kweli kabla hamjaanza kutafuta. Ikirudi zaidi ya 4 bila biotini, pamoja na kingamwili ulizonazo na nia ya kubeba mimba, mimi ningeanza levothairoksini dozi ndogo na kusubiri TSH itulie chini ya 2.5. Ikiwa kati ya 2.5 na 4, madaktari hatukubaliani. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa tezi cha Marekani wa mwaka 2017 unaruhusu dawa kwa mjamzito mwenye anti-TPO aliye katika eneo hilo, bila kulazimisha. Kwa historia yako ningekaa na wewe na mumeo tuamue pamoja, na singewalaumu mkichagua njia yoyote kati ya hizo mbili.

Ukiona mstari wa pili kwenye kipimo cha mimba, nenda kapime TSH wiki hiyohiyo. Usisubiri kliniki ya mwezi wa nne. Vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito havina TSH, kwa hiyo ni lazima uiombe mwenyewe na uonyeshe karatasi ya majibu haya. Baada ya hapo irudiwe kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito.

Ukianzishiwa levothairoksini, imeze asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na ukae nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi) unayopewa kliniki iache hadi yapite masaa 4, kwa sababu madini ya chuma huinasa homoni tumboni isiingie kwenye damu. Nimekutana na kina mama wanaovimeza vyote kwa pamoja ili wasisahau, TSH ikapanda, dozi ikaongezwa, ikapanda tena, kumbe kilichohitajika ni kutenganisha saa tu.

Na baada ya kujifungua usiache kufuatilia. Kati ya theluthi na nusu ya wanawake wenye anti-TPO hupata mvurugiko wa tezi katika mwaka wa kwanza. Mara nyingi huanza kwa homoni kumwagika kutoka kwenye tezi, moyo ukaenda mbio na mama akakosa utulivu, kisha miezi michache baadaye homoni zikapungua, ukaja uchovu mzito, huzuni na maziwa kupungua. Nyumbani watasema ni ulezi. Huenda ni ulezi kweli, lakini wewe pima TSH mtoto akiwa na miezi 3 na tena akiwa na miezi 6, hata kama unajisikia vizuri, na nesi akikuuliza kwa nini, mwonyeshe karatasi hii yenye 412.